Utingo Mwenye Leseni

Kwetu Bokoli kuna walimu wa udereva wengi kuliko magari. Tangu ijulikane kwamba nimeacha ukarani na kwenda kujifunza lori, sijavuka soko bila kupewa somo. Muuza nyanya ananiambia klachi inataka unyenyekevu. Fundi wa baiskeli ananionya juu ya miteremko. Mzee mmoja ambaye sijawahi kumwona akiongoza chochote isipokuwa ng'ombe, tena ng'ombe mwenyewe akiijua njia, alinishika mkono akanieleza kwamba lori hurudishwa nyuma kwa moyo, vioo ni vya kutazamia ndevu. Nilimfikishia mwalimu wangu elimu hiyo. Alizima injini, akashuka, akaenda kutafuta soda.

Nalaumiwa kwa kubadili kazi nikiwa na mvi, lakini hebu tazama tunakoishi. Pale chini Webuye, mizigo ya bandari ya Mombasa inapita mchana na usiku ikielekea Malaba, iende Uganda, Rwanda na Kongo. Kiwanda cha karatasi kilipofungwa mwaka 2009 mji ulinywea, ila barabara haikukosa kazi hata siku moja. Shemeji yangu, anayefuga kuku na kutoa ushauri, akaniambia: "Shemeji, shule itakaa bila karani, lakini mahindi hayatakaa bila lori." Maneno mazuri. Habari za ada hakuzitaja, wala hakuchangia.

Shule ya udereva ilinianzisha mezani. Aliyepitia mafunzo haya hapa Kenya anajua ninachosema: kuna ubao uliochorwa mji mzima, wenye barabara, makutano, maegesho na mzunguko, na juu yake vigari vya kuchezea watoto. Unashika kigari, unakisukuma kwa vidole huku ukikariri kwa sauti: natazama kioo cha ndani, natazama kioo cha pembeni, natoa ishara, naingia. Mimi, mtu mwenye wakwe na shamba la migomba, nilisimama mbele ya vijana waliomaliza kidato cha nne juzi, nikasukuma kigari chekundu nikiunguruma kidogo kwa mdomo, jambo ambalo mtihani haukudai. Lori halikuwepo mezani. "Papa," mwalimu akasema, "chukulia tu kwamba hicho ni lori."

Mji ule wa mezani ningependa kuhamia. Hauna bodaboda aliyebeba kochi na mwenye kochi. Hauna trekta la miwa linalotambaa gizani bila taa ya nyuma. Mbuzi hawavuki. Kila gari husimama panapoandikwa simama, na mzunguko wake ni mpana, msafi, hauna mtu anayeuza karanga katikati. Nilipouliza ni lini tutajifunza kulipita trekta la miwa usiku, nikajibiwa kwamba hilo halimo kwenye mtihani. Sasa mimi nitafanya kazi wapi, mezani?

Halafu kuna herufi. Nilidhani lori ni lori. Mamlaka ya usafiri na usalama, NTSA, imezigawa leseni hivi: gari dogo ni B, lori jepesi ni C1, lori la kati ni C, na lori zito lenye trela ni CE. Ukisema sokoni kwamba unasomea lori, unaulizwa herufi gani, na anayeuliza ni yule fundi wa baiskeli.

Mazoezi tuliyafanya kwenye Canter kuukuu iliyokuwa imefundisha watu wengi mpaka yenyewe ikachoka kujifunza. Chini ya kilima cha Chetambe, ambako mwaka 1895 babu zetu Wabukusu walipambana na Waingereza, mimi nilipambana na gia ya pili. Wao angalau walikuwa na ngome. Mwalimu wangu ni kijana ambaye ningeweza kumzaa, kwa hiyo adabu inamzuia kunitukana, na hilo humwumiza kuliko klachi yake. "Papa," anasema taratibu, jasho likimtoka, "kwa heshima zako zote, ule ni ukuta."

Ukifika kwenye trela ndipo unajua Mungu hakukusudia binadamu arudi nyuma. Ukitaka trela liende kushoto, unakata usukani kulia. Likishaanza kwenda, unalifuata upesi kabla halijajikunja. Nimeishi na wakwe miaka mingi, nimezoea kusema hivi ili mambo yawe vile, lakini mkwe hana tairi.

Leseni nikapata. Mama watoto akachinja jogoo, majirani wakala, shemeji akala zaidi. Asubuhi yake nikaanza kutafuta kazi, na huko ndiko nilikoelewa kwamba leseni ni kibali cha kuomba kazi ambayo hupewi. Kila mwenye lori anataka dereva mwenye uzoefu wa miaka mitano. Uzoefu unapatikana wapi? Kwenye lori. Lori unalipataje? Uwe na uzoefu. Mwenye lori mmoja alinitazama mvi akafurahi, akadhani nimezipatia barabarani. Nilipomwambia ni za ofisini, akakumbuka kwamba ana mgeni.

Mlango uliobaki ulikuwa wa upande wa kushoto. Nikaajiriwa utingo.

Dereva wangu ni kijana wa kijiji jirani aliyetahiriwa Agosti 2014. Mwaka naukumbuka kwa sababu nilimchangia jogoo, nikacheza nyuma ya njuga zake mpaka goti likagoma. Kijijini ananiita papa na kunisalimia kwa mikono miwili. Kwenye lori bado ananiita papa, ila sasa neno hilo halitembei peke yake. Papa, shuka uweke gogo kwenye tairi. Papa, kaza turubai. Papa, gonga tairi zote usikie ipi haina upepo. Wakati fulani nilimkumbusha kwamba nina leseni. Akasema vizuri sana, niiweke mahali pakavu.

Mizani ya Webuye naijua kwa mgongo. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inataka lori la ekseli saba lisizidi tani 56 pamoja na mzigo wake, na tena kila ekseli ina kipimo chake. Maana yake jumla inaweza kuwa halali na bado mkawekwa kando, kwa sababu magunia yameegemea nyuma. Anayepanda juu kuyasogeza mbele si aliyekaa kwenye usukani. Na magunia yenyewe ni mahindi ya Uganda, tunayapeleka Eldoret, tukipita katikati ya mahindi ya wenyewe yaliyosimama pande zote mbili za barabara yakitushangaa.

Sheria inaruhusu lori letu mwendo ambao halijawahi kuuona. Ukarimu wa bure. Tukipanda kuelekea Turbo tumejaza, bodaboda mwenye abiria wawili na mbuzi alitupita, na yule mbuzi akageuka kututazama mpaka kona ikamficha.

Kwenye kushuka, utani unaisha. Tangu lile lori la Londiani la Juni 2023, lililowavamia watu kando ya barabara na kuua zaidi ya 50, mama yangu hataki kusikia hata mlio wa injini ya dizeli. Ananiuliza kila Jumapili kama nimeacha. Ndiyo sababu huyu kijana namvumilia. Wako madereva wanaoweka gari free mteremkoni ili kuokoa dizeli, tani zote zikining'inia kwenye breki za upepo ambazo zikipata moto hazina msaada. Yeye hushuka kwa gia ileile ambayo angepandia, polepole, honi za watu wenye haraka zikitupigia kelele nyuma, na hatetereki. Hilo nimejifunza kwake, mezani halikuwepo. Ila simwambii, atazidi kunituma.

Na wanaotaka kunituma wapo wa kutosha. Jirani anataka nimletee mbao kutoka Eldoret, "kwani zitaongeza uzito gani?" Kanisa linataka kokoto. Mama watoto ana orodha. Kila mmoja anaamini kwamba tani 56 ni nafasi iliyoachwa kwa ajili ya vitu vyake.

Usukani niliushika Malaba. Tulikuwa tunavuka kwenda kupakia, lori likiwa tupu, na foleni imelala kilomita kadhaa kabla ya mpaka. Malaba foleni husogea kwa urefu wa lori moja, kisha watu wanachemsha chai. Dereva alikuwa hajalala tangu jana yake. "Papa," akasema, akijikunja kwenye kitanda cha nyuma ya viti, "si una leseni? Wakisogea, sogea."

Nilirekebisha kiti. Nikatazama kioo cha kushoto, cha kulia, nikatoa ishara, ingawa hapakuwa na pa kugeukia. Nikasubiri upepo wa breki ujae, nikaachia handibreki. Mbele walipokuwa wanasogea, nami nikasogea, gia ya kwanza, bila kuzima, bila kugusa mtu. Aliyekuwa nyuma yangu alipiga honi kunihimiza na sikumjali, kwa sababu kanuni za barabara ninazijua kuliko yeye. Kulipokaribia kupambazuka nilimpigia mama watoto kumwambia kwamba nimeendesha lori la trela katika barabara ya kimataifa usiku kucha. Akauliza nimefika wapi. Nikamwambia ni Malaba. Akasema jana jioni pia nilikuwa Malaba.

Dereva aliamka, akajinyoosha, akachungulia nje kuona tuko wapi. "Papa, umefanya kazi safi kabisa," akasema, akirudi kwenye kiti chake. "Sasa shuka ukaoshe kioo cha mbele. Umenikusanyia vumbi lote hilo usiku, sioni Uganda."