Wapenda Leza Wahamie Biharamulo

Duniani kuna watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, ambao mara moja kwa mwaka hufungasha mitambo ya leza kwenye masanduku, wakasafiri mamia ya kilomita, wakajifungia kwenye ukumbi wenye giza na kupiga miali ya rangi ukutani hadi usiku wa manane. Hawalipwi. Hakuna bwana harusi, hakuna mgeni rasmi, hakuna hata pilau. Wanaoishi kwa kazi hiyo wana chama chao cha kimataifa, ILDA, kilichoanzishwa mwaka 1986, ambacho hukutana na kutoa tuzo. Hao wana kisingizio. Ninaowazungumzia ni wale wa ridhaa, waliojiundia projekta zao sebuleni na kuzipeleka kwa wenzao ili zitazamwe, zisifiwe na, mara nyingi, zigome. Mtu wa Biharamulo akisikia habari hizi, jambo la kwanza atakalouliza ni kama watu hao wana ndugu wa kuwashauri. Jibu langu ni kwamba ndugu wanao, tena wako mkoani Kagera, na mkutano wao wa kila mwaka haungepata mahali pa kufaa zaidi ya hapa kwetu.

Tuanze na chombo chenyewe. Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman tarehe 16 Mei 1960, katika maabara ya kampuni ya Hughes huko Malibu, California, na mwanzoni haikueleweka itafanya kazi gani. Msaidizi wake, Irnee D'Haenens, aliitania kuwa ni jawabu linalotafuta swali. Maswali yalikuja baadaye: upasuaji wa macho, kukata vyuma, kusoma bei dukani. Lakini mwaka 1973 Ivan Dryer alikwisha kutambua kwamba mwanga huo hauhitaji kazi yoyote ili upendeze, akafungua onyesho lake la Laserium katika jumba la Griffith Observatory, Los Angeles, na watu wakatoa kiingilio kwenda kutazama mistari inayocheza muziki. Siku hizi mwali hupigwa kwenye vioo viwili vidogo, kimoja kikiuyumbisha kulia na kushoto, kingine juu na chini, kwa mbio ambazo jicho haliziwezi. Likashindwa kufuata, likaamua kuona duara, nyota au farasi anayekimbia. Mtambo wa kawaida huchora nukta 30,000 kwa sekunde. Ni kazi inayodai ukamilifu, ndiyo maana haikamiliki. Kioo kikichoka, duara linakuwa yai. Kompyuta ikisita, farasi anabaki na miguu mitatu. Rangi zisipolingana, bendera ya taifa moja inageuka kuwa ya jirani yake, na kama kuna balozi ukumbini, hapo si suala la fundi tena. Wala si kweli kwamba watu husafiri mbali kwenda kuona onyesho lililofaulu, maana hilo lipo kwenye video. Kisichopatikana kwenye video ni kumwona bingwa wa mwaka jana akiwa amepiga magoti nyuma ya meza, tochi mdomoni, akitafuta waya.

Kuna tatizo moja la leza ambalo mafundi wa kumbi za harusi wanalijua kama wanafizikia, pengine kuwazidi: hewa ikiwa safi, mwali hauonekani. Hupita kimyakimya kutoka kwenye mtambo hadi ukutani na kuacha alama tu. Ili uonekane hewani, sharti ukutane na kitu cha kuutawanya: vumbi, ukungu au moshi. Kwa hiyo wapenda leza hununua mashine zinazochemsha mchanganyiko wa maji na glaikoli na kuujaza ukumbi ukungu. Yaani mtu hutoa fedha ili hewa ichafuke. Biharamulo huduma hiyo hutolewa bure. Wakati wa kiangazi lori moja likiacha lami na kushika barabara ya udongo, huacha nyuma yake vumbi la kutosha onyesho zima na marudio yake. Jioni moto ukiwashwa mafigani, moshi wa kuni hulala juu ya mji kwa usawa ambao mashine ya kununua haiupati. Tulichopungukiwa ni leza tu, na hata hiyo imeanza kufika: ile taa ndogo inayoning'inizwa juu ya meza kuu ukumbini na kumwaga vinukta vya kijani na vyekundu juu ya shela, hadi picha zinatoka bibi harusi akiwa kama ana surua. Kamati huisifu, kwa kuwa ilikuwamo kwenye bajeti. Mashine ya moshi nayo ikiwashwa, MC hukohoa kwenye maikrofoni, mama mkwe huuliza kinaungua nini, na wapishi hutuhumiwa bure.

Hapa ndipo ninapomwingiza senene. Kila mwaka, hasa Novemba na Desemba mvua zikiwa zimeshika, upande wa Bukoba, Muleba na Missenyi watu huinua taa kali juu ya nguzo, chini yake husimamisha mabati yanayong'aa, na mwisho wa bati huweka pipa. Senene, ambaye wanasayansi humwita Ruspolia differens na ambaye si nzige hata wageni wang'ang'anie vipi, huruka usiku kwa makundi makubwa. Akiuona mwanga huufuata, hugonga bati, hukosa pa kushika na kuteleza hadi pipani. Ng'ambo ya mpaka, Masaka nchini Uganda, mambo ni hayo hayo kwa ukubwa zaidi, kwa taa za wati 400 na mabati yaliyopangwa safu kwa safu. Tena wategaji huchoma majani mabichi ili moshi upande kwenye mwanga, wakiamini kwamba humlevya senene na kumshusha. Sasa hesabu mwenyewe: giza, taa kali, moshi, kitu cha kuakisi mwanga, na umati uliokesha. Ni mahitaji yale yale ya mpenda leza, bila kupunguza kitu, ila mtu wa Kagera amefikiria pia habari ya chakula.

Amemzidi na kwa jambo jingine. Onyesho la leza hupimwa kwa makofi, na makofi ya rafiki yako hayana uzito mahakamani. Onyesho la senene hupimwa kwa pipa. Ukisimamisha taa vibaya, hadhira haikutumii barua ya kukukosoa; inahamia kwa jirani aliyeinua yake juu zaidi. Mwezi mpevu ukichomoza, watazamaji hutawanyika, maana anga yote imekuwa taa na yako haina maana tena. Hakuna msanii wa Los Angeles aliyewahi kushindana na mwezi na kushindwa kwa kilo.

Atainuka mtu aseme kwamba nalinganisha visivyolingana, kwa kuwa senene ni biashara na leza ni mchezo. Ni kweli senene huuzwa sokoni na kusafirishwa hadi Mwanza na Dar es Salaam wakiwa wamekaangwa, na mwenye taa hana nia ya kugawa sadaka. Lakini mtu anayekodi jenereta, akanunua mabati, akakesha akinyeshewa bila kujua kama kundi litashukia kwake au litaendelea na safari yake, huyo hafuati hesabu za biashara. Akipeleka mpango wake benki ataoneshwa mlango. Kabla ya taa hizi senene waliokotwa kwa mkono alfajiri, umande ungali kwenye majani, na kwa desturi ya Buganda mke aliyemkusanyia mumewe senene alistahili gauni jipya la gomesi. Huko huko upo ukoo mzima wa Nsenene ambao hauli senene kabisa, kwa kuwa ndiye mwiko wao. Bidhaa ya kawaida haina mwiko wala haidai gomesi. Saruji, kwa mfano, haijawahi kumpatia mwanamke nguo. Naye mpenda leza tusimfanye mtawa. Anauza mtambo wa zamani apate mpya, anabadilishana vioo na wenzake, na hukaa kimya kuhusu bei aliyomtajia mkewe.

Pingamizi zito ni la macho, nalo sitalifanyia mzaha mrefu. Mwali wa leza ukiingia jichoni, lenzi ya jicho yenyewe huukusanya kuwa nukta ndogo sana kwenye retina. Kupepesa kope huchukua kama robo ya sekunde, na kwa mtambo unaozidi miliwati 500, ambao viwango vya usalama huuweka daraja la nne, robo hiyo ni kuchelewa. Lebo nazo haziaminiki: mwaka 2013 taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, ilipima vitochi vya leza 122 na kukuta asilimia 90 ya vile vya kijani na asilimia 44 ya vyekundu havikutimiza kanuni za usalama. Ikiwa ndivyo ilivyo kwenye nchi yenye maabara ya kuvipima, vile vinavyouzwa stendi pamoja na vitana na chaja naviacha mikononi mwa Mungu. Kuna na ndege: marubani huko Marekani huripoti zaidi ya matukio 10,000 kwa mwaka ya kumulikwa na leza, na majirani zetu wa Chato wana kiwanja cha ndege. Lakini hoja hii, ukiitazama vizuri, inamgusa na mtega senene. Taa zile kali huumiza macho na ngozi ya wanaokesha chini yake, tena hukaribisha wasioalikwa, akiwemo yule mbawakawa mwembamba, mwekundu na mweusi, anayebeba jina la Nairobi, ambaye ukimponda shingoni hukuachia malengelenge ya siku kadhaa. Kwa hiyo hatari ipo pande zote mbili, na dawa ni moja: msimamizi asiyelewa, mwali upitishwe juu ya vichwa, na miwani ya kinga. Kwa bahati njema hakuna anayehubiri miwani kama mpenda leza aliyebobea. Anayemulika ndege ni kijana aliyenunua kitochi jana.

Halafu mtauliza umeme. Pale Ngara, kwenye maporomoko ya Rusumo katika Mto Kagera, pamejengwa mtambo wa megawati 80 ambao Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Ukizigawa megawati hizo kwa miliwati 5 za kitochi kimoja cha leza, unapata bilioni 16, yaani karibu vitochi viwili kwa kila binadamu aliye hai, bila kuhesabu upotevu wa njiani na wa ndani ya kitochi. Na projekta ya mpenda leza wa kawaida hula umeme mdogo kuliko pasi. Shida yetu basi si wingi wa umeme bali hulka yake, maana hupenda kukatika pale mgeni rasmi anapofungua mdomo. Hata hapo tuna la kujitetea: umeme ukikatika katikati ya hotuba ni aibu, lakini ukikatika kwenye mkutano wa leza giza linakuwa kamili, na giza kamili ndilo sharti la kwanza la shughuli yenyewe. Kinachobaki ni kumwamsha mwenye jenereta. Wenzetu wa miji mikubwa wamewasha mataa mengi hadi giza wanalitafuta kwa usafiri. Letu huingia saa moja na nusu jioni, Januari hadi Desemba, bila kuomba udhuru.

Ndugu zangu wa Bukoba watasema kwamba kama hoja ni senene, mkutano uende kwao. Siafiki. Wadudu wa usiku huvutwa zaidi na mwanga wa samawati na ule wa urujuani usioonekana kwa macho yetu. Sidhani mwali mwembamba wa leza ya kijani unaweza kumnyang'anya mtu senene wake. Lakini nani atamweleza hivyo mwenye pipa tupu, saa tisa usiku, akiwa ameshika kipande cha bati? Wageni wasije wakapata lawama za msimu mbaya. Biharamulo si kitovu cha senene, kwa hiyo hapa hakuna wa kugombana naye. Magari mengi ya Mwanza, Bukoba na Ngara hupita wilayani. Boma la Wajerumani lipo na kuta zake, na limewahi kutumika kwa mambo mabaya kuliko kuchorwa farasi wa kijani mwenye miguu mitatu. Kama kuna mwenye wasiwasi kwamba Novemba, msimu wa senene, vumbi litakuwa limelazwa na mvua, akumbuke kwamba kuni nazo zitakuwa zimelowa, na kuni zilizolowa hazijawahi kumwangusha mtu kwa moshi.

Kwa hiyo wapenda leza, popote mlipo, njooni Novemba. Mashine za moshi ziacheni nyumbani, miwani ya kinga leteni ya ziada kwa ajili ya watoto wa mjini, na kuhusu chakula msihangaike: senene wataletwa na basi kutoka Muleba, wamekwisha kaangwa.