Mti wa Miaka Sabini, Kinyago cha Msimu Mmoja

Nyoo! Mgeni anakaa Juba mwezi mzima, na siku ya kuondoka inapokaribia anakimbilia tembo wa mpingo. Anamfunga ndani ya fulana, anamlaza kwenye sanduku, na moyo wake umetulia tuli kwa kuwa hakununua plastiki. Kitu cha asili, anasema. Mimi hapo msonyo unanitoka. Hata pembe ya ndovu ni kitu cha asili, ndugu zangu, na biashara yake kati ya nchi na nchi ilipigwa marufuku mwaka 1989, kwa sababu bangili moja inataka mnyama mzima alale chini.

Mpingo, ambao hapa wengi wanauita babanus, hukua kwa kujivuta. Mpaka upate gogo la kuchonga ni miaka 70, mara nyingi na zaidi. Tena kinachotakiwa ni kile kiini cheusi tu. Ile nyeupe ya nje inaishia jikoni. Mti wenyewe ukichongwa mbichi, tembo wako anapasuka mgongo hata kabla hajazoea kabati. Jamii yote ya Dalbergia, mpingo ukiwamo, iliingizwa mwaka 2016 kwenye orodha ya miti ambayo biashara yake inasimamiwa na mkataba wa CITES, na mikangazi ya Afrika ikafuata mwaka 2022. Sisemi mpingo usiguswe. Kule Kilwa, Tanzania, vijiji vya Kikole na Kisangi vilipata cheti cha FSC mwaka 2009 kwa msitu wao wa asili: miti inahesabiwa, inakatwa kwa mpango, na kijiji kinalipwa. Gogo la namna hiyo likigeuka klarineti itakayorithiwa vizazi na vizazi, mimi nina la kusema? Sina.

Kipimo changu ni hicho hicho kwa kila kitu: kikae nyumbani miaka mingi kuliko ile iliyotumika kukikuza. Ukiipima nyumba ya Juba kwa kipimo hicho, utashangaa nani anashinda.

Anashinda kibuyu. Kimeota msimu mmoja tu, kimekaushwa, mbegu zimekung'utwa, nakshi zimechomwa kwa chuma cha moto. Baada ya hapo kinabeba maziwa miaka na miaka. Kikipasuka, mama hakitupi. Anatoboa vitundu viwili viwili pande zote za ufa, kama njia ya siafu, kisha anapitisha uzi na kuvuta mpaka midomo ya ufa ikutane. Kimeshonwa, kimerudi kazini. Nionyesheni bakuli la plastiki lililowahi kushonwa!

Anashinda na mtungi, zir ya udongo inayosimama kwenye kona ya ua. Udongo wake una vinyweleo. Maji yanapenya taratibu, yanafika nje, upepo unayakausha, na yanapokauka yanaondoka na joto la yale yaliyobaki ndani. Joto la Machi mnalijua, na hakuna umeme unaohitajika hapo. Sasa kuna watu, sijui nani amewafundisha, wananunua zir nzuri halafu wanaipaka rangi ya mafuta ing'ae. Jamani! Umeziba kila kinyweleo. Ulichobaki nacho ni pipa zito la maji ya moto.

Kwenye vito nako kuna mambo. Shanga za kioo hazikuzaliwa hapa, zilikuja kwa biashara kutoka Venice na kwingineko, lakini Wadinka wamezishonea mavazi yanayotangaza umri wa mvaaji kwa rangi zake. Uzi ukichakaa, shanga hazijachakaa. Binti anazitunga upya. Za plastiki zinapauka juani. Ukitaka kuzitambua, gonga moja kwenye jino: kioo ni baridi na kinalia, plastiki ni vuguvugu na inanyamaza. Wanawake wa Roots hapa Juba, mradi ulioanzishwa na Anyieth D'Awol, wanatoka makabila mbalimbali na wanakaa pamoja kushona shanga. Kazi kama hiyo ninailipia bila kuvutana bei. Na pembe ya ng'ombe je? Nchi ina ng'ombe wanaokadiriwa kuwa milioni 12 hivi. Nyama inaliwa kila siku na pembe zinatupwa, ilhali zikisuguliwa vizuri zinatoa bangili ambayo haimwonei wivu ndovu yeyote.

Ila msije mkanielewa kwamba kila kilichorudishwa kazini ni chema. Sufuria zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu mimi nazikwepa. Mwaka 2017 watafiti walichapisha vipimo vya vyombo 42 vya alumini kutoka nchi 10, Kenya na Tanzania zikiwamo. Walipochemsha ndani yake maji yenye asidi, vyombo 15 vilitoa risasi ya kutosha kutia wasiwasi. Mfuaji hajui ndani ya tanuru mmeingia betri gani na injini gani. Kwa mboga yenye nyanya au ndimu, afadhali chungu au chuma cha pua.

Halafu mitiki. Shamba la Loka, kule Lainya, lilipandwa enzi za Waingereza, na ni mtiki unaokaa: meza yake inaweza kurithiwa na mjukuu. Nenda kwa maseremala wa mjini uone vipande vinavyobaki sakafuni. Kipande cha urefu wa mkono ni mwiko, ni kibao cha kukatia vitunguu, ni kigoda cha mtoto. Lakini kinatiwa motoni asubuhi kuchemshia chai!

Na mkaa ndio unaonichoma kuliko tembo wa yule mgeni. Mlulu, yaani mti wa shea, unachukua miaka 15, pengine 20, kabla haujaanza kuzaa. Mama akiuacha umesimama, anakamua mafuta kila mwaka, ya kula, ya kupaka na ya kuuza. Ukiingia kwenye gunia, miaka yote hiyo inapikia maharage ya jioni moja. Wanaouza mkaa wengi hawana shamba wala mshahara, siwalaumu. Ila sisi wanunuzi tunaweza kuuliza ni mti gani, pale pale gunia linaposhushwa kwenye boda, na ikiwa ni mlulu tukakataa.