Wanne Wanaotusimamisha Wima

Mstarini asubuhi, shuleni Tumati, hata mtoro sugu hukaza magoti wimbo wa taifa ukianza. Muulize katunga nani: "Nyerere!" Haya, tuwahesabu wanne hawa kurudi nyuma, hadi tumfikie mtunzi mwenyewe.

4. Mama wa Kipokomo, jina halikuandikwa. Mwaka 1963 kamati iliyokuwa na Graham Hyslop na Washington Omondi ilichukua wimbo wa kubembelezea watoto huko Mto Tana, ukawa wimbo wa taifa la Kenya. Mbunge akisinzia, jamani, msimlaumu.

3. John Philip Sousa, Mmarekani, mfalme wa machi za bendi, ambazo nazo hunyoosha migongo. Alipofika miaka 13 alipanga kutoroka na bendi ya sarakasi. Baba yake akamwahi, akamwandikisha bendi ya Wanamaji. Dawa ya mtoro ndiyo hiyo! Akaiongoza bendi hiyohiyo kuanzia 1880 hadi 1892, kisha akaunda ya kwake. Lile tarumbeta linalomzunguka mpigaji kama chatu wa shaba lina jina lake. Mwaka 1906 aliandika makala kali dhidi ya mashine za kupiga muziki, ilhali santuri za bendi yake zilikuwa zikiuzwa. Angeshuka stendi ya Mbulu leo, spika tatu zikigombana, angepanda basi lilelile kurudi.

2. George Kakoma wa Uganda. Wimbo wake wa 1962 ni miongoni mwa nyimbo fupi kabisa za taifa duniani: kwenye kibanda umiza hujapata pa kukaa, umeshakwisha, ndiyo maana uwanjani huongezwa beti. Alipewa shilingi 2,000, akaziona ni za soda tu. Uzeeni akaishtaki serikali akidai mrabaha wake, na mimi niko upande wa mzee. Nchi nzima iimbe kazi yako miaka hamsini, halafu uambiwe asante? Alifariki 2012.

1. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg. Mwaka 1897 alitunga muziki ambao Tanganyika iliuchukua 1961 kwa maneno ya Kiswahili. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Alifariki 1905, hajafika hata arobaini, na inasimuliwa kuwa mjane wake aliuza haki za wimbo kwa senti chache. Kaburi nalo likapotea miaka mingi. Watafutaji walipekua daftari la makaburi kwenye herufi S mpaka wakachoka. Kumbe karani alimwandika kwenye E, Enoch.