Mwongozo wa Mbeba Boksi: Fungua Akaunti, Ikauke kwa Heshima

Ndugu yangu wa Kipawa, umepata viza. Hongera. Umekulia chini ya tumbo la ndege, na sasa ni zamu yako kuwatazama wenzako kutoka juu. Wengine watakushauri juu ya makoti na baridi. Mimi nakupa la maana: akaunti ya benki. Kufilisika kila mtu anaweza. Wewe utafilisika ukiwa na kadi mbili mfukoni, programu tatu kwenye simu na jina zuri mtaani.

Kwanza: vuruga jina lako mapema

Usisubiri mpaka ufike. Kwenye cheti cha kuzaliwa uwe Mohamedi, kwenye NIDA Mohamed, kwenye pasi Muhammad, na kwenye barua ya chuo Mohd kwa sababu karani alikuwa na haraka. Namba ya NIDA ina tarakimu 20 na hakuna anayekosea hata moja, ila jina la herufi saba kila ofisi inaliandika inavyolisikia. Benki ya London haitajua kwamba hao wote ni wewe. Itakukataa kwa adabu na haitataja sababu.

Wakikukubali, watachukua jina la mwisho. Utaitwa Bwana Mbwana kila barua, na kila mara utageuka kumtafuta babu yako.

Pili: anwani

Benki inataka ushahidi wa unapoishi: mkataba wa nyumba, au bili yenye jina lako. Mwenye nyumba naye anataka akaunti ya benki kabla hajakupa mkataba. Mzunguko huu ukae nao. Mtu mwepesi angeomba barua ya chuo au ya mwajiri, au angekwenda kwenye zile benki zisizo na matawi, ambako unapiga picha pasi, unapiga picha sura, na mambo mengi yanaishia hapo. Wewe una binamu Barking, London. Tumia anwani yake. Kadi itafikia kwake, namba ya siri itafikia kwake, na barua ya salio ataifungua kwa bahati mbaya. Kufika Ijumaa, Karakata nzima huku nyumbani inajua una pauni ngapi.

Ukiangukia Ujerumani, utalazimika kujitahidi zaidi ili ushindwe. Tangu 2016 sheria ya kule inampa kila anayeishi kihalali haki ya kuwa na akaunti ya msingi, hata kama hana historia yoyote ya mkopo. Chelewa kujiandikisha manispaa, hilo litakusaidia kidogo. Dubai ni rahisi: bila kitambulisho cha ukaazi na barua ya mshahara, benki nyingi hata kiti hawakupi. Subiri tu. Kipawa tunajua kusubiri hela. Tunao majirani waliongoja fidia ya kupisha upanuzi wa uwanja wa ndege kwa miaka zaidi ya kumi.

Tatu: usijiandikishe kupiga kura

Hili wengi hawalijui, kwa hiyo tuongee kwa sauti ya chini. Mtanzania anayeishi Uingereza kihalali anaruhusiwa kupiga kura kule, kwa kuwa nchi yetu imo kwenye Jumuiya ya Madola. Jina likiwa kwenye daftari la wapiga kura, kampuni zinazopima nani anakopesheka hulitumia kuthibitisha anwani, na benki inaanza kukuona mtu wa kueleweka. Bure kabisa, dakika chache. Achana nalo. Waambie siasa huziwezi.

Nne: azimisha akaunti

Atatokea kijana mtanashati chuoni, viatu vyeupe, mkarimu kuliko ndugu zako. Anaomba apitishie pauni elfu tatu kwenye akaunti yako, wewe ubaki na mia mbili. Kazi ya kukaa tu! Sheria ya Uingereza inaiita utakatishaji fedha, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 14. Ukiwa na bahati, akaunti itafungwa na jina lako litakaa kwenye kumbukumbu za Cifas kwa miaka 6, ambako benki huchungulia kabla ya kumpokea mteja. Yule kijana hutamwona tena. Faida ipo: hakuna ndugu atakayekukopa, kwa kuwa hata pa kuwekea mshahara huna.

Tano: kusimamia

Tuseme umeponea hapo na mshahara wa kwanza umeingia. Usiutazame peke yako. Ingia kundi la WhatsApp la kamati ya harusi ya mtoto wa shangazi. Mweka hazina anabandika orodha kila asubuhi: Mama Zuwena, ahadi 50,000, kalipa 20,000. Mzee wa Jet, ahadi 100,000, bado. Fundi Side, ahadi kreti mbili za soda. Namba 14 ni wewe, jina limefuatiwa na bendera ya Uingereza, na mbele yake wameacha wazi.

Ile nafasi iliyoachwa wazi ndiyo meneja wa akaunti yako. Ukiandika 100,000 umelingana na Mzee wa Jet, ambaye hajavuka Pugu tangu Krismasi. Andika milioni. Andika usiku, waamke nayo.

Milioni huna, najua. Benki nyingi za Uingereza zitakuruhusu utoe zaidi ya ulichonacho, kwa riba inayokaribia 40% kwa mwaka. Ni kausha damu iliyovaa tai, ila hawa hawaji kubeba sofa. Chukua.

Kisha tuma kwa mafungu. Kutuma hela kuja Afrika kusini mwa Sahara ni ghali kuliko karibu kila mahali duniani. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, wastani umekuwa ukikaribia 8 katika kila 100. Umoja wa Mataifa unataka ishuke chini ya 3 ifikapo 2030. Usiwaharakishe. Leo pauni ishirini za keki, kesho ishirini za sare, keshokutwa ishirini za MC aliyepandisha bei, kila muamala na makato yake. Hela ileile ukiituma kwa mkupuo mmoja makato yanapungua, lakini unapongezwa mara moja tu.

Siku za ukame kulikuwa na kisingizio kizuri mno. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachofuatilia utakatishaji fedha, na mtu aliweza kusema, "Shangazi, hela nimetuma, benki wameishikilia, si unajua tuko kwenye orodha." Juni 2025 tukatolewa. Nchi imepata nafuu, wewe umepata hasara. Kimebaki kisingizio cha IBAN, ile namba ya akaunti ya kimataifa: Tanzania haiitumii, fomu nyingi za Ulaya zinaidai, na hapo katikati mtu mwenye kipaji anapoteza wiki mbili bila kutoa senti. (Anayetaka hela ifike huandika msimbo wa SWIFT wa benki na namba ya akaunti, yakaisha. Shangazi asisikie.)

Sita: akaunti ya nyumbani

Fungua na ya huku. Benki zetu kubwa zina akaunti za walio nje. CRDB yao wameiita Tanzanite. Iwe kwa jina lako, kisha mpe kaka kadi na namba ya siri, kwa kuwa yeye ndiye anasimamia kiwanja cha Chanika. Laini ya simu iliyosajiliwa na akaunti iache kwenye droo. Isipotumika muda mrefu itafungwa, namba itapewa mtu mwingine, na ujumbe wa benki utaanza kumfikia yeye. Siku akikuandikia "ile pesa tuma kwenye namba hii", atakuwa wa kwanza katika historia ya ujumbe ule kujua ni pesa ipi.

Kila mwezi kaka atatuma picha za ujenzi. Zitazame kwa upendo, usizikuze. Ukikuza utaona rundo la tofali lilelile la mwezi uliopita, limepigwa kutoka upande wa pili. Utaona linta, na juu ya linta ndege iliyokwisha kutoa magurudumu, na Chanika ndege hazipiti chini namna hiyo. Hapo ni kwa jirani yetu wa nyuma ya nyumba, na yule mtoto aliyeshika ndoo unamfahamu. Usianze maswali ya risiti za nondo, utaonekana umebadilika. Mjibu, "Kazi nzuri sana kaka," halafu tuma hela ya kupaua.

Saba: likizo

Zamani mtu aliweka noti ya dola mia mezani na kumwacha mhudumu ahangaike nayo mbele za watu. Kanuni za Machi 2025 zimeiharibu raha hiyo: bei na malipo ya ndani ya nchi, ukiacha machache yaliyoruhusiwa, ni kwa shilingi. Toa kadi ya London badala yake. Mashine ikiikataa, sema wameizuia kwa usalama wako, hizo ni taratibu za wenzetu. Shemeji atalipa.

Kabla ya kuondoka, pitia tawi la benki Barabara ya Nyerere kuulizia ile akaunti ya nyumbani. Utaambiwa imelala. Kuiamsha kuna fomu, kuna kitambulisho, na huenda wakataka barua ya serikali ya mtaa, ambako mtendaji atauliza kwa nini hajawahi kukuona mkutanoni. Shemeji atakupeleka kote huko, yeye ndiye mwenye gari. Mwisho keshia atakusogezea karatasi ya salio chini ya kioo. Ikunje mara nne kabla hujageuka. Shemeji akiuliza mna ngapi humo, mwambie mtandao uko chini.