Mfungo Unaonenepesha

Kwa baba wadogo, mashangazi na majirani wote wa kijiji cha Fukayosi, Bagamoyo,

Sisi huku Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania, tu wazima, ila nguo zetu zimeanza kutubana, na sababu yake ni mfungo. Msitaajabu kabla ya kuisikiliza hoja yangu, kwani mfungo wenyewe si wetu bali ni wa jirani zetu Wakatoliki, ambao katika Kwaresima, tangu Jumatano ya Majivu mpaka Ijumaa Kuu, hujinyima nyama kila Ijumaa kwa kuyakumbuka mateso ya Masihi. Kisha, kwa kuwa kanisa halikumharimisha samaki, humkaanga samaki huyo kwa wingi na kwa mbwembwe, hata mgeni akiingia hudhani amefika penye arusi, si penye toba.

Ukumbi wa parokia, ambao aghalabu uko chini ya kanisa, hupangwa meza ndefu. Wazee wastaafu husimama jikoni mbele ya mafuta yanayotokota. Vijana hupita na sinia. Akina bibi huuza keki walizooka nyumbani kwao. Na mlangoni hukaa mtunza hazina na kisanduku chake, akikusanya fedha za kuezeka paa au kuisaidia shule. Samaki wao mkuu ni cod, wa bahari ya baridi, aliyekwisha kuondolewa kichwa, mkia na miba, akavikwa joho la unga, akalazwa ndani ya mkate usioweza kumsitiri, hata akaning'inia nje pande zote mbili. Wafuasi wake ni makaroni yaliyozama katika jibini, kabichi iliyokaangwa pamoja na tambi, na pierogi, ambazo ni mfano wa sambusa za viazi zilizochemshwa, urithi wa Wapolandi waliokuja kufanya kazi katika viwanda vya chuma vya mji huu.

Mama, ambaye tangu ujana wake hanunui changu mnadani Bagamoyo pasipo kumtazama machoni, alipokabidhiwa sahani yake alimpindua samaki huku na huku, kisha akaniamuru nimwulize mpishi kichwa kimekwenda wapi na nani amekila. Mpishi, mzee mwenye adabu kamili, alijibu kuwa tangu aanze kukaanga samaki pale hajapata kukiona kichwa chochote. Mama akahukumu kwamba watu wanaokubali kula samaki bila kumwona uso ni watu wepesi wa kuamini, na ndiyo sababu dini imewakaa vizuri.

Nanyi mtauliza, Waislamu wa Fukayosi wanatafuta nini chini ya kanisa? Jawabu ni kwamba katika mwaka mzima wa nchi hii, ambako nguruwe hujificha hata ndani ya maharage, Ijumaa za Kwaresima ndizo siku ambazo jirani yetu Mkatoliki humfukuza nguruwe jikoni mwake kwa amri ya dini yake mwenyewe, nasi tukanufaika kwa amri ya yetu. Hofu moja tu husalia, nayo ni kwamba baadhi ya wapishi huukoroga unga kwa bia badala ya maji. Kwa hiyo mke wangu hutangulia kama balozi, hudadisi, naye akitikisa kichwa, twahamia parokia ya pili.

Jambo hili la Ijumaa limewahi kutikisa hata biashara kubwa. Mwaka 1962, mjini Cincinnati, Lou Groen, aliyekuwa na mkahawa wa McDonald's katika mtaa wa Wakatoliki, aliona wateja wakimkimbia kila Ijumaa, akabuni mkate wa samaki. Mkuu wake, Ray Kroc, akaleta wa kwake wenye kipande cha nanasi na jibini. Mikate hiyo ikashindanishwa Ijumaa Kuu, na yasimuliwa kuwa samaki aliuzwa mara 350 na nanasi mara 6. Habari hii msiwafikishie wakulima wa Kiwangwa, maana huenda wakasusia kutuuzia mananasi kwa fedheha.

Tena mjue kuwa sisi si wageni kabisa kwa Wakatoliki hawa. Mapadri wa Roho Mtakatifu, waliofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, ndio shirika lilelile lililoanzisha hapa, mwaka 1878, chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Duquesne. Nilipomwarifu mzee wa jikoni kuwa natoka Bagamoyo ya mapadri hao, alifurahi akaniongezea kipande bure, nami sikuona lazima ya kumfafanulia kuwa ukoo wetu uliwajua kwa kupita mbele ya geti lao tu, ukielekea msikitini.

Mtihani mkubwa wa ulaji wetu huu ulikuwa mwaka 2025, Ramadhani ilipoanza huku tarehe 1 Machi na Majivu tarehe 5. Ijumaa ya kwanza mambo yalikwenda sawa, kwani jua lilitua saa kumi na mbili na ushei, nasi tukafuturu mezani miongoni mwa wafungaji wenzetu waliokuwa wamekwisha kula mara mbili. Lakini Jumapili ya tarehe 9 serikali ikazisogeza saa mbele, magharibi ikarukia saa moja na ushei, na jiko hufungwa saa moja kamili. Ikawa twanunua, twabeba maboksi, na njia nzima harufu yatuhoji imani.

Hata hivyo sithubutu kuwacheka jirani zetu. Anayecheka mfungo wa samaki wa kukaanga na atuambie kwanza ni nani hapo kijijini aliyewahi kutoka Ramadhani amekonda, pamoja na zile tambi, kaimati, magimbi na mihogo ya nazi. Mwanadamu akinyimwa kimoja hukipamba cha pili, na heri akipambe mezani pamoja na jirani zake kuliko akile peke yake.

Ombi langu ni moja. Samaki wa huku hutiliwa sosi nyeupe ya mayonezi, na pilipili hatujaiona mezani. Atakayesikia mtu anakuja Marekani kabla ya Kwaresima ijayo, ampe chupa mbili za achari ya ndimu, moja yetu, na moja ya mzee wa jikoni.