Ratiba Haiijui Jumamosi

Kwenye kliniki ya presha na sukari nasimama mbele ya benchi la wazee kuhubiri mazoezi. Dakika 150 kwa wiki, ndivyo Shirika la Afya Duniani linavyotaka. Nusu saa kwa siku tano, jasho likutoke. Juzi babu mmoja akanitazama kuanzia miguuni, macho yakafika kiunoni yakagoma kuendelea. "Nesi, mwanangu, na wewe hizo dakika zako unazifanyia wapi?" Benchi zima likaangua kicheko. Hata mwenye presha ya 180 alicheka, nikaogopa.

Nizifanyie wapi, babu? Nimekesha wodini namgeuza mgonjwa wa kiharusi kila baada ya saa mbili asipate vidonda, naye kajaliwa kilo zake. Mwenzangu kaitwa leba. Halafu wapo wanaosema manesi hatuhitaji mazoezi, kwani tunatembea kutwa. Tunatembea, ndiyo, kutoka kitanda hadi kitanda, moyo haujapata hata sababu ya kushtuka. Na kunyanyua mtu mzima peke yako hakujengi mgongo, kunaumaliza.

Uongozi haujatutupa. Tuliletewa bonanza. Tisheti za saizi moja, spika mbili, na mwalimu wa viungo mwenye umri wa mwanangu akipiga kelele "chini, juu!" Lakini kabla ya hapo tulisimama juani tukimsubiri mgeni rasmi. Alipofika akasema mazoezi ni afya, akaondoka na gari. Tukala pilau, tukashushia soda. Nadhani tulirudi nyumbani wazito kuliko tulivyokuja.

Serikali nayo ilitutengea siku. Desemba 2016 Mama Samia, akiwa Makamu wa Rais, alihimiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Jambo jema, ila ratiba ya zamu haiijui Jumamosi.

Wenzetu wa wodi ya watoto wamepata dawa. Zamu ya asubuhi ikiisha saa tisa na nusu, wanavaa raba, wanazunguka uzio wa hospitali mwendo wa haraka, ndipo wanagombania daladala. Hawana spika wala mgeni rasmi, na hawajaacha.

Kwa hiyo metroni, shikamoo. Bonanza jingine hatulitaki. Hela ya pilau tununulie shuka za kutelezeshea wagonjwa, tuongezee mtu mmoja usiku, nami unipange asubuhi wiki nzima mfululizo. Raba ninazo.