Chai ya Lita 48,000

Baba mkwe ni mtu wa maneno machache, ndiyo maana lile moja alilolisema mbele ya ukoo mzima siku ya Idi bado limenikwama kooni. Alisimama ukingoni mwa bwawa letu la kuogelea, kanzu ameikunja kwa mkono mmoja, fimbo mkono wa pili, akayatazama maji kwa utulivu, kisha akaniuliza: "Mkwe, sukari mnatia saa ngapi?"

Maji yalikuwa chai. Chai ya rangi iliyokolea, ya msibani. Shemeji yangu mdogo akaenda jikoni kufuata vikombe ili apige picha.

Na alfajiri yale maji yalikuwa maangavu! Usiku nilikuwa nimeyajazia kutoka kisima kipya, na baada ya swala nikasimama pale na mswaki mdomoni nikitazama vigae vya chini kimoja kimoja. Ilibaki kutia klorini tu, nami nikatia kama kibandiko kinavyoagiza: maji kwenye ndoo kwanza, unga baadaye, usije ukageuza, unakoroga, unamimina ukizunguka ukingo. Nilipokamilisha mzunguko, pale nilipoanzia palikuwa na wingu la hudhurungi. Wageni walipopiga honi getini, wingu lilikuwa limeenea bwawa zima.

"Ni kutu tu, baba," nikamjibu.

"Kutu? Kwani bwawa lako la bati?"

Naomba nieleze hapa, maana siku ile kila nilipofungua mdomo walicheka. Maji ya chini ya ardhi mara nyingi hayana hewa. Chuma cha kwenye udongo na miamba huyeyuka humo na kukaa kimya, bila rangi. Utayainua maji kwenye glasi, uyaelekeze kwenye jua, usione kitu. Ukiyatia klorini, chuma kinanyang'anywa elektroni moja, moja tu, na kuanzia hapo hakiwezi tena kuyeyuka. Kinajitokeza kama kutu, chembe kwa chembe. Wala hakihitaji kuwa kingi. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, kikizidi miligramu 0.3 kwa lita kinatia madoa nguo unazofua. Bwawa langu ni la lita 48,000. Piga hesabu: gramu 14 na ushei. Msumari wa inchi nne mmoja na nusu. Yaani msumari mmoja na nusu ulikuwemo humo tangu alfajiri, nautazama na mswaki wangu mdomoni, siuoni.

Habari ya elektroni nilimweleza baba mkwe vilevile. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kwa hiyo yalikuwa masafi mpaka ulipoyasafisha."

Sikuwa na jibu. Sina mpaka leo.

Aliyeniokoa ni mama mkwe, ambaye hakuinuka hata mkekani. "Tieni shabu," akasema, akaendelea kumenya chungwa. Shabu ileile ya kutuliza maji ya mtungi. Ikiyeyuka inafanya mabonge laini yanayonasa kila chembe inayoelea na kuzama nayo, mradi pampu umeizima na hakuna anayechezea maji. Asubuhi yake kutu yote ilikuwa imelala chini, juu maji hayana doa. Kazi iliyobaki ni kuifyonza polepole kwa mpira na kuitoa nje moja kwa moja, bila kuipitisha kwenye chujio.

Na chujio lenyewe ni ajabu nyingine. Ni tangi la mchanga tu. Nilidhani mchanga mpya ndio unaochuja vizuri. Kumbe mchanga uliokwisha kushika uchafu kidogo ndio hodari zaidi, kwa sababu uchafu wa jana unaziba mianya na kunasa wa leo. Anayeuosha kila siku kwa kupenda usafi anaharibu kazi. Unaitazama geji, mgandamizo ukipanda sana ndipo unageuza maji yapite kinyume, yautifue mchanga na kutoka na taka zake. Kuna jioni nimekaa mbele ya geji ile na kikombe cha kahawa, mke wangu akaniuliza kama nasubiri mgeni.

Harufu nayo inadanganya. Mtu akiingia majini macho yakamwasha, anasema dawa imezidi. Aghalabu imepungua. Klorini ikikutana na jasho na mkojo inazaa kloramini, na kloramini ndizo zinazonuka na kuwasha macho. Tiba yake ni kuongeza klorini. Sasa jaribu kumweleza hivyo mzazi ambaye mwanawe macho yamewiva, kisha ufafanue chanzo cha mkojo.

Hayo nacheka nayo. Kwenye vidonge vya klorini sicheki. Nilivinunua muda mrefu kwenye duka moja la dawa za mabwawa, vikipimwa kutoka kwenye ndoo isiyo na maandishi. Hakuna aliyeniambia kwamba vidonge vya aina ile huacha majini asidi ya sayanuriki, zaidi ya nusu ya uzito wake. Asidi hiyo ina faida: bila hiyo, klorini inamalizwa na jua ndani ya saa chache. Lakini klorini inaisha, yenyewe inabaki. Haivukizwi, haishikwi na mchanga, inajilimbikiza. Inatakiwa miligramu 30 hadi 50 kwa lita, na kwa bwawa langu kilo nne za vidonge zinatosha kufika hapo. Ikizidi sana, klorini ipo ila haina nguvu. Maji yakawa kijani. Nikaenda dukani, nikaambiwa ongeza vidonge. Nikaongeza, yakazidi kuwa kijani. Ongeza tena. Nilipokuja kujisomea mwenyewe nikampigia simu muuzaji, akanijibu bila hata kusita: "Ah, hiyo lazima umwage tu, bosi." Akanitumia na namba ya mwenye maboza.

Nikamwaga nusu, yote huwezi, kwa sababu ardhi ikijaa maji bwawa tupu linaweza kusukumwa juu likang'oka na kuta zake. Mtaani kwetu bomba linatoka kwa mgawo, na madumu yalikuwa yamepangwa foleni. Mama mmoja akaniuliza kama anaweza kukinga. Nikamwambia hayafai, mama, yana dawa. Akayatazama yakipita mtaroni. "Yote haya?" Lile swali alistahili kuulizwa yule muuzaji, aulizwe palepale, na mama yuleyule, ndoo mkononi.

Mengine ni madogo. Chura kwenye kikapu cha pampu. Mpini wa valvu niliouzungusha pampu ikiwa inafanya kazi. Mpwa wangu aliyemwogeshea mbwa humo.

Juzi muuzaji kapiga tena. Kaingiza mzigo wa mashine za kupasha moto maji ya bwawa, na kwa kuwa mimi ni mteja wa siku nyingi atanipunguzia. Nikamuuliza, mashine ya kupasha moto, hapa Dar es Salaam? Akasema wateja wengi wanaulizia.